Kidonge chenye ratiba, bahasha isiyosema kitu

Kufungua kapsuli, ile dawa ya rangi mbili, na kumwaga unga wake kwenye kijiko cha uji ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi, kuanzia Mbinga mjini hadi vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na wanaofanya hivyo wana sababu zao. Mtoto hawezi kumeza kitu kikubwa. Bibi koo limekauka na kila kidonge kinamkwama. Wapo wanaoponda kidonge kati ya vijiko viwili, na wapo wanaokikata nusu kwa wembe ili dozi iwafikishe mwisho wa mwezi. Kwa dawa nyingi za zamani hakuna kinachoharibika sana. Ila zipo dawa, na zinazidi kuenea, ambazo mkono huo wa huruma unaweza kuziharibia kazi yote iliyofanywa kiwandani, na mara nyingine kumlaza mgonjwa hospitali.

Dawa hizo zimetengenezwa kwa ratiba. Mtengenezaji amekwishaamua zianze kazi wapi mwilini, saa ngapi baada ya kumezwa, na kwa mwendo gani. Uamuzi huo haumo ndani ya dawa yenyewe. Umo kwenye ganda, kwenye chembechembe zilizopakwa utando, au kwenye gundi inayoshika kidonge. Ganda likipondwa, ratiba nayo imepondwa.

Tatizo ni kwamba habari hii haimfikii mmezaji. Anachokipata kaunta ni bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu 1×2 au 1×3, pengine na alama ya jua na mwezi, basi. Pakiti imekatwa ili auziwe vidonge sita tu, na karatasi ya maelezo imebaki dukani ndani ya boksi, kwa Kiingereza cha herufi ndogo kiasi kwamba hata anayekijua angehitaji miwani. Kipande cha pakiti alichokatiwa huenda hata jina la dawa halikutimia. Kama vidonge vimehesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge elfu moja, hata hicho kipande hakipo.

Haya yanatokea kote Tanzania. Lakini Ruvuma, mkoa zilimo Mbinga na Nyasa, ina sababu yake ya kuyabeba mbele ya wengine. Maduka ya dawa muhimu, yale ambayo watu wanayaita DLDM, yalianzia mkoa huu. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, iliichagua Ruvuma kwa majaribio. Kabla ya hapo vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria maduka hayo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti, ila mengi yaliuza chochote kilichopatikana, na muuzaji mara nyingi hakuwa na mafunzo yoyote ya maana. Jaribio la Ruvuma lilitaka duka lisajiliwe na kukaguliwa, na mtoa dawa wake afundishwe kwa wiki kadhaa na kupewa orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, zikiwemo baadhi za cheti. Mpango ukafaulu, ukaenezwa nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika zikaja kujifunza.

Kwa hiyo mkoa huu haukuwa nyuma ulipokuja ujuzi wa kaunta. Ulikuwa shamba darasa la taifa. Mafunzo yale ya mwanzo yaliwalenga maadui wa wakati wao, yaani malaria, kuhara, nimonia ya watoto, dozi zisizokamilika na dawa zilizopitwa na wakati. Yalifaa. Zaidi ya miaka 20 baadaye mgonjwa wa Mbinga amebadilika. Presha na kisukari vimepanda hadi kwenye vilima vya kahawa, vidonda vya tumbo vinazungumzwa kila kijiwe, na dawa za magonjwa haya ndizo zenye maganda na ratiba. Hata zile ambazo duka dogo haliruhusiwi kuziuza, mgonjwa aliyeandikiwa hospitali ya Litembo au Peramiho hurudi nazo nyumbani, na kidonge kikimkwama kooni anayemuuliza ni mtoa dawa wa dukani kwao. Hawezi kupanda gari kwenda kumuuliza mfamasia neno moja.

Ili kuona kinachopotea, inafaa kuingia tumboni kidogo.

Tumbo tupu la binadamu lina tindikali kali. Kwenye kipimo cha uchachu, ambapo maji safi ni 7, tumbo husoma kati ya 1 na 3. Chakula na dawa vikivuka kwenda utumbo mwembamba hali inabadilika ghafla. Mwanzoni mwa utumbo huo kipimo kinakaribia 6, na mwishoni kinazidi 7. Watengenezaji wa dawa waliutumia mpaka huo. Wanapaka kidonge utando ambao kwenye tindikali unabaki mgumu, na kipimo kikivuka 5 na nusu hivi unaanza kuyeyuka. Wakitaka dawa ifike mbali zaidi, hadi utumbo mpana, wanachagua utando unaosubiri kipimo kizidi 7. Ndivyo zinavyofanya kazi baadhi ya dawa za uvimbe wa utumbo mpana. Zinapita sehemu yote ya juu zikiwa zimefungwa, kisha zinafunguka pale penye ugonjwa.

Wazo hili ni kongwe. Mwaka 1834 Mothes na Dublanc walipata hataza ya kapsuli ya jelatini jijini Paris, na shabaha yao ilikuwa ndogo tu: kumfichia mgonjwa ladha mbaya. Miaka 50 baadaye, 1884, daktari wa ngozi wa Hamburg aliyeitwa Paul Unna alipaka vidonge keratini, protini iliyomo kwenye kwato na pembe, ili vipite tumboni vikiwa vizima. Mwaka 1952 kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ikajaza ndani ya kapsuli moja mamia ya punje zenye maganda ya unene tofauti. Punje za ganda jembamba hufunguka mapema, za ganda nene husubiri, na mtu akimeza mara moja anapata dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Ukitaka kuona punje hizo leo huna haja ya kwenda maabara. Fungua kapsuli ya omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo ambayo watu wengi wa Tanzania wanaijua kwa jina. Ndani hakuna unga. Kuna punje nyeupe za duara, ndogo kuliko ulezi, zinazotawanyika mezani ukizipuliza. Kila moja imepakwa utando wake. Omeprazole, iliyoingia sokoni mwaka 1988, ina udhaifu wa ajabu: haiwezi kustahimili tindikali ile ile iliyotumwa kuipunguza. Ikiachwa wazi tumboni inaharibika ndani ya dakika chache. Inatakiwa ivuke salama hadi utumbo mwembamba, iingie kwenye damu, kisha damu iirudishe kwenye chembehai za ukuta wa tumbo zinazotengeneza tindikali. Asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuifungua na kuchanganya punje na kitu laini kisicho cha moto, mradi azimeze bila kuzitafuna. Akizisaga kuwa unga amekula hasara. Tumbo litaendelea kuuma, daktari ataambiwa dawa haijasaidia, na ataandika nyingine yenye bei kubwa zaidi.

Omeprazole iliyosagwa humpotezea mgonjwa fedha na muda. Nifedipine ni hatari zaidi. Hii ni dawa ya presha, na katika vidonge vingi vinavyotumika hapa imetengenezwa itoke polepole kwa saa 12 au 24. Njia moja ya kuichelewesha ni kuichanganya na gundi ya mimea ambayo ikipata maji inavimba na kuwa na utelezi mzito kama wa bamia, na dawa inalazimika kujipenyeza humo taratibu. Mgonjwa akikiponda kidonge hicho, dozi ya nusu siku inaingia mwilini kwa mkupuo. Presha inaporomoka, mtu anaona giza, anaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari wa Marekani walionya vikali dhidi ya mazoea ya kutoboa kapsuli za nifedipine ya haraka na kuiweka dawa chini ya ulimi wa mgonjwa mwenye presha ya kutisha. Presha ilishuka kwa kasi kiasi kwamba wengine walipata kiharusi au mshtuko wa moyo. Mzee anayepondewa kidonge cha taratibu na mjukuu wake mwema anatengenezewa hali inayofanana na hiyo.

Kuna kisa kingine ambacho kingefaa kibandikwe kwenye ukuta wa kila kilabu cha pombe. Mapema mwaka 2005 dawa kali ya maumivu iitwayo Palladone, kapsuli ya kumeza mara moja kwa siku, iliingia sokoni Marekani. Julai mwaka huo huo ikaondolewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba pombe iliharibu mfumo uliozuia dawa kutoka, na dozi ya siku nzima ikamwagika mara moja. Dawa hiyo haiuzwi Mbinga, lakini somo lake linahusu popote penye kapsuli za taratibu na gongo. Mtu anapoambiwa asichanganye dawa na pombe hudhani ni mahubiri, au ni kwa ajili ya ini. Anastahili kuelezwa pia kwamba pombe kali inaweza kuyeyusha saa iliyomo kwenye dawa.

Hata maziwa yana yake. Wengi huamini yanakata makali ya dawa, na humpa mgonjwa kikombe juu ya kila kidonge. Bisacodyl, dawa ya kulainisha choo, imepakwa utando usiofunguka kwenye tindikali. Maziwa, au vile vidonge vya magneziamu vya kutafuna, hupunguza tindikali tumboni, utando unadhani umeshafika utumboni, na dawa inaanza kazi mahali pasipo pake. Mtu anajikunja kwa msokoto, analaumu dawa.

Na kuna dawa isiyo na ratiba yoyote ambayo nayo inahitaji kufika mahali pake. Doxycycline ni rangi mbili ya kawaida kabisa. Ikimezwa kwa mate, au kwa funda moja la maji kisha mtu akajilaza, inaweza kunata kwenye umio, ikayeyukia hapo na kuunguza nyama hadi kuacha kidonda. Dawa yake ni glasi nzima ya maji na kukaa wima nusu saa. Maneno hayo yanatamkika ndani ya sekunde tano, lakini kwenye kaunta nyingi hayatamkwi.

Lipo pia suala la hewa. Jelatini ya kapsuli ina maji kidogo ndani yake, kama asilimia 13 hadi 16. Ikipoteza maji inapasuka, ikinyonya unyevu inalainika na kunata. Mvua za Ruvuma hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwenye milima ya Umatengo ukungu unaweza kukaa tangu asubuhi hadi saa nne. Ufukweni, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, kuna joto na unyevu wa ziwa. Kapsuli iliyotolewa kwenye pakiti yake ya karatasi ya fedha na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi, ikachomekwa juu ya mlango karibu na moshi wa jiko, haiko tena kama ilivyotoka kiwandani. Mtoa dawa anayekata pakiti kwa mkasi badala ya kutoa kapsuli moja moja anamsaidia mgonjwa zaidi ya anavyojua, hasa akihakikisha jina la dawa na tarehe ya mwisho havikuangukia kwenye kipande kinachobaki dukani.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wafamasia wenye shahada, na mtoa dawa wa DLDM asitwishwe mzigo usio wake. Hoja hiyo ina uzito, maana dukani wapo wanaojifanya madaktari, na kila kinachoongezwa kwenye mafunzo yao kinaweza kuwapandisha kichwa. Lakini hapa hakuna anayemwomba mtoa dawa aandike cheti. Anaombwa aijue alama. Kwenye pakiti, mbele ya jina la dawa, mara nyingi pana herufi SR, XR, MR, ER, LA au neno Retard, na zote zinamaanisha dawa imepangwa itoke taratibu. Herufi EC zinamaanisha kidonge kina ganda la kukivusha tumbo. Akiziona hizo aseme, na aandike kwenye bahasha: meza kizima, usiponde, usitafune. Kama mgonjwa hawezi kumeza kizima, amrudishe kwa aliyemwandikia. Somo lote linaingia kwenye alasiri moja.

Wengine watauliza kwa nini tusitumie tu dawa za kawaida, zisizo na maringo. Swali zuri, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Si kila kapsuli ya mara moja kwa siku imetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa. Baadhi ya makampuni makubwa yametumia matoleo ya taratibu kurefusha maisha ya hataza zilizokuwa zinakwisha, na bei ikapanda kwa faida ndogo ya kitabibu. Kwa mtoto, au kwa mgonjwa wa kiharusi anayelishwa kwa mrija, dawa ya maji au kidonge cha kawaida cha mara tatu ndicho salama. Daktari anayeandika toleo la taratibu bila kumuuliza mgonjwa kama anaweza kumeza, naye ana sehemu yake ya lawama.

Bado haitafaa kuikataa teknolojia hii, kwa sababu watu wa ufukweni wanaihitaji kuliko wa Masaki, Dar es Salaam. Mvuvi wa dagaa hulala ziwani na kurudi alfajiri. Kibarua wa kahawa huhama shamba hadi shamba msimu wa mavuno. Watu hawa hawakosi dozi kwa ukaidi. Maisha yao hayana saa mbili asubuhi na saa mbili usiku zilizotulia. Wanawake wamekwishaonyesha njia: kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kutoa homoni kidogo kidogo kwa miaka mitatu kimekubalika vijijini bila semina za kimataifa, kwa sababu moja kubwa ya kwamba mwenye nacho hahitaji kukumbuka.

Tatizo la kukumbuka dawa Tanzania ililitafutia jibu zamani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ukishirikiana na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, ulijenga mfumo wa kufuatilia kila mgonjwa na kuhakikisha anameza dawa mbele ya macho ya mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani baadaye liliuchukua mfumo huo na kuueneza ulimwenguni kwa jina la DOTS. Ratiba ya dawa ilishikwa na muuguzi, jirani au mke wa mgonjwa.

Maabara za leo zinataka kuihamishia ratiba hiyo tumboni. Mwaka 2016 watafiti wa Massachusetts waliokuwa chini ya Robert Langer na Giovanni Traverso walichapisha habari za kapsuli ambayo ndani yake kuna nyota ya plastiki yenye mikono sita, iliyokunjwa. Ikifika tumboni ganda la jelatini linayeyuka, nyota inakunjuka, na upana wake unaizuia kupita kwenye mlango wa chini wa tumbo. Hukaa humo ikitoa dawa kutoka kwenye mikono yake. Ikimaliza, viungo vyake vinalegea, vipande vinapita utumboni na kutoka. Kwa nguruwe, nyota hizo zilikaa hadi siku 14. Mwaka 2018 watafiti hao hao walionyesha, kwa wanyama pia, kwamba dawa za virusi vya Ukimwi zinaweza kutolewa hivyo kwa wiki nzima.

Dawa waliyoijaribu mwaka 2016 ingewashangaza watu wa Ruvuma, kwa sababu wanaimeza tayari. Ni ivermectin. Mkoa huu ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yenye historia ya usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa kando ya mito yaendayo kasi, unaowasha ngozi hadi ikakunjamana kama ya mzee na mwishowe kuleta upofu. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck hutoa ivermectin bure kwa ugonjwa huo, na wagawa dawa wa jamii hupita kijijini na fimbo ya kupimia urefu, kisha huhesabu vidonge kwa kadiri ya alama kichwa cha mtu kilipofika. Waliogundua chanzo cha dawa hiyo, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ivermectin ina sifa nyingine. Mbu akifyonza damu ya mtu aliyeimeza, anakufa au anadhoofika. Shida ni kwamba nguvu hiyo inakwisha baada ya siku chache. Huko Kwale, pwani ya Kenya, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2025 liliwapa watu dawa hiyo mara moja kila mwezi kwa miezi mitatu, na maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yakapungua kwa asilimia 26 kuliko kwa waliopewa dawa ya kulinganishia. Ni hatua, ingawa vyandarua haviwezi kukunjwa kwa ajili yake. Kapsuli ya kukaa tumboni wiki mbili ilibuniwa kwa ajili ya pengo hili hasa, ili damu ibaki sumu kwa mbu muda mrefu zaidi kwa mmezo mmoja.

Kama siku moja kapsuli ya namna hiyo itahitaji mahali pa kujaribiwa kwa watu, Ruvuma itakuwa na sifa: inaijua dawa, ina wagawa dawa waliozoea nyumba kwa nyumba, ina mtandao wa DLDM. Viongozi wasiipokee kwa makofi tu. Waulize kwanza nani atamfanyia upasuaji mtu ambaye mkono wa nyota umemkwama utumboni, na boti au gari gani litamtoa kijijini ufukweni usiku wa upepo wa kusi. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imepunguza safari, lakini si kila kijiji cha ziwani kiko kando yake. Waulize pia mgonjwa ataelezwa nini akiona vipande vya plastiki chooni. Swali hili si la utani. Tangu mwaka 1989 vipo vidonge vya presha vyenye ganda lisiloyeyuka na tundu dogo lililotobolewa kwa mwale wa leza: maji yanapenya kwenye ganda na kusukuma dawa nje taratibu kupitia tundu hilo. Dawa ikiisha, ganda tupu linatoka na choo likiwa na umbo la kidonge kizima. Mgonjwa anayeliona anaweza kuacha dawa kwa kuamini haikufanya kazi, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo sayansi ya kapsuli inapokwama, Boston au Mbinga. Mhandisi anaweza kupanga dawa ifunguke sentimita fulani ya utumbo na saa fulani ya usiku, halafu mpango wote ukaharibikia kwenye kinu cha jikoni kwa kukosa sentensi moja. Sentensi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji mtu wa kuiandika kwenye bahasha kwa Kiswahili, na mamlaka ya kumtaka aiandike.

Baraza la Famasi, ambalo leo ndilo linalosimamia maduka haya, liingize somo la dawa za taratibu kwenye mafunzo ya watoa dawa, na wakaguzi wake waangalie bahasha kama wanavyoangalia jokofu na leseni. TMDA, iliyorithi kazi ya TFDA mwaka 2019, iwatake waagizaji wachapishe maneno "Meza kizima, usiponde" kwenye kila kipande cha pakiti ya dawa hizo, si kwenye boksi peke yake. Bohari ya Dawa, inayonunua kwa wingi, ina nguvu ya kuliweka sharti hilo kwenye zabuni. Na halmashauri za Mbinga na Nyasa zisisubiri waraka kutoka Dodoma. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuwaita watoa dawa wote wa wilaya yake kwa siku moja, akawagawia muhuri wa mpira wenye maneno hayo, na kesho yake bahasha za Mbamba Bay zikaanza kusema. Msomaji naye, kabla ya kuondoka kaunta, aulize kama dawa aliyopewa inapondwa au haipondwi. Mtoa dawa asipojua, amwombe amwonyeshe boksi, na watafute herufi hizo pamoja.